Mume Mwenza Mwenye Magurudumu

Mwanamume kumwonea wivu mwanamume mwenzake ni jambo linaloeleweka. Watu wakikucheka, watakucheka huku wanakuhurumia. Lakini kuionea wivu mashine, tena mashine isiyo na macho wala ulimi, ambayo kazi yake yote ni kutema mipira ya tenisi, hilo Fundi hakuthubutu kumwambia mtu. Alikaa nalo rohoni siku nyingi, na kadiri alivyolimeza ndivyo lilivyozidi kumkaba.

Alikuwa fundi wa friji. Mtaa ule ulikuwa na mafundi wa kila namna, fundi bomba, fundi cherehani, fundi saa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye. Sababu ilikuwa moja tu: hakuwa mwongo. Mafundi mnawajua. Unampelekea kitu chako, anakwambia njoo kesho, na hiyo kesho yake haijulikani itakucha mwaka gani. Huyu akisema Alhamisi, Alhamisi unakuta friji lako linanguruma mlangoni linakusubiri. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo, ila tumpe haki yake, aliipata kwa jasho.

Mkewe alikuwa mkunga kwenye zahanati ya hapo hapo mtaani, mwanamke mfupi, mpole wa maneno, mwenye mikono iliyozoea kupokea vitu vinavyoteleza. Watu walimwita Mkunga. Nyumbani waliitana Baba Mapacha na Mama Mapacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokuwa shule ya bweni.

Na walikuwa wacheza tenisi. Msicheke. Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na uwanja wa umma, saruji yenye nyufa na uzio wa waya, na watu wa mtaa waliucheza kwa miaka mingi kwa raketi za kurithiana. Kila mwaka palikuwa na Kombe la Jozi, wawili kwa wawili, na mtu aliruhusiwa kucheza na yeyote amtakaye. Fundi na mkewe walicheza pamoja tangu mapacha wangali wa kubebwa mgongoni, na kila mwaka walitolewa mapema, wakarudi nyumbani na raketi zao, Fundi akieleza njia nzima jinsi ambavyo wangeshinda.

Mpango wao ulikuwa huu. Fundi alisimama mbele, karibu na wavu. Mkewe alisimama nyuma. Anayesimama mbele kazi yake ni kuupiga mpira ungali hewani, kabla haujagusa chini; wenyewe huita voli. Mpira ukimpita, wa nyuma ndiye anayekimbia kuuokoa. "Wavu ni wangu," Fundi alisema siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa alikuwa mrefu na alijiona anapendeza pale, na neno hilo halikujadiliwa tena. Kisha mipira ikawa inampita. Loo, ilimpita! Na kila ulipompita aligeuka nyuma, akamnyooshea mkewe raketi, akasema, "Huo ulikuwa wako!" Mkewe alijibu, "Haya," akakimbia.

Sasa ikaja mashine.

Aliyeileta ni Mwalimu, mama mtu mzima aliyewafundisha tenisi nusu ya watu wa mtaa ule mpaka magoti yake yakagoma. Hakuweza tena kusimama saa nzima akiwarushia watu mipira, basi akachangisha, akapata mashine iliyotumika: sanduku refu kiasi cha kiunoni, magurudumu mawili chini, kapu la mipira kichwani na tundu la mdomo mbele. Unabonyeza kitufe, ndani panavuma, kisha tuk, mpira unatoka. Unahesabu pumzi mbili tatu, tuk, mwingine. Haichoki, haipigi simu katikati ya mazoezi, haidai chai.

Mama Mapacha akaenda kuijaribu asubuhi moja kabla ya zamu yake. Akarudi amelowa jasho mpaka kwenye nyusi, akaingia jikoni kuchemsha maji, na Fundi aliyekuwa anafunga viatu akasikia mtu anaimba. Alisimama na kiatu kimoja mkononi. Mkewe hakuwa mtu wa kuimba.

Kesho yake akaenda tena. Na keshokutwa. Ikawa jua likichomoza tu, upande wake wa kitanda umeshapoa.

"Unafanya mazoezi ya nini huko?" Fundi aliuliza siku moja, akijitia hamnazo huku anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Voli."

"Voli? Wewe si wa nyuma?"

"Napenda tu, Baba Mapacha."

"Unapenda tu."

"Eeh. Napenda mpira unavyogonga raketi."

Fundi alikunywa chai ikamuunguza. Voli zilikuwa zake. Mtu akianza kujifunza kazi yako kimyakimya, alfajiri, tena anaimba, utafikiri nini? Dalili ya mvua ni mawingu.

Wa kwanza kumgundua alikuwa Kinyozi, rafiki yake, ambaye kibanda chake na karakana ya Fundi viligawana ukuta mmoja. Kinyozi alikuwa na wembe mkali na ulimi mkali zaidi. Asubuhi moja alichungulia dirishani, mashine ya kunyolea ikilia mkononi, mteja wake akiwa ameachwa na nusu ya nywele.

"Fundi! Mume mwenza hajambo?"

"Mume mwenza nani?"

"Yule wa magurudumu. Nimepita uwanjani nimemkuta na shemeji. Wanaelewana hao! Hawagombani hata dakika."

"Kinyozi, nyoa watu."

"Nanyoa. Ila nakwambia kama ndugu: mwanamume asiyesema hata neno moja ni hatari. Hao ndio wanaochukua wake za watu."

Mteja mwenye nusu ya nywele akacheka mpaka shuka ikamdondoka begani. Fundi naye akacheka, maana asiyecheka hujulikana. Lakini siku hiyo aliunganisha waya za friji la watu kinyume, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu awe fundi.

Ndipo akaenda kuangalia kwa macho yake. Hakwenda kupeleleza, la hasha. Alikuwa anakwenda kununua gesi ya friji, na kama duka la gesi lilikuwa upande mwingine kabisa wa mtaa, hayo ni mambo ya barabara. Alisimama nyuma ya tangi la maji.

Mkewe alikuwa amesimama karibu na wavu. Mahali pale pale pa Fundi. Mashine ikavuma, tuk, na mpira ukaja. Mkewe hakuupiga, aliupokea. Mkono ulikwenda mbele kidogo tu, bila papara, na mpira ukaanguka upande wa pili ukafa. Tuk, mwingine, kushoto. Tuk, kulia. Kisha mmoja ukamgonga ukingoni mwa raketi ukaruka juu ukapita uzio, na Mama Mapacha akacheka. Peke yake, mbele ya sanduku, alicheka kicheko cha msichana. Fundi aliuhisi wivu ukimpanda, wa moto, wivu hasa, ule unaomfanya mtu mzima atake kuokota jiwe.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi lake. "Mkunga," alisema kwa sauti, "kwa mkono huo mwaka huu unaweza kucheza na yeyote. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa ya wiki ijayo, jioni. Nikuandike na nani?"

Fundi akangoja. Jibu alilijua. Angesema, nina mtu wangu, Mwalimu, si unamjua?

"Nitafikiria," Mama Mapacha akasema.

Nitafikiria! Fundi alirudi karakana bila gesi.

Wanasema dua la kuku halimpati mwewe. La Fundi lilimpata. Jumatatu iliyofuata mashine ilivuma, ikakohoa, ikanyamaza, na mchana wake Mwalimu na Mama Mapacha wakaja karakana wakiisukuma katikati ya mafriji mabovu.

"Mtu wangu, tusaidie," Mwalimu akasema. "Mota ni mota. Ya friji, ya mipira, yote si mota?"

"Wewe hakuna kinachokushinda, Baba Mapacha," mkewe akasema, na akamgusa mkono. Muda mrefu hakuwa amemgusa hivyo mchana mbele ya watu, na leo anamgusa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya hilo sanduku.

Fundi akafungua skrubu, akachungulia. Hakuhitaji muda. Manyoya ya mipira yalikuwa yamejaa ndani kama pamba, na vile vipande vidogo vya kaboni vinavyogusa mota vilikuwa vimelika. Vipande vya namna hiyo alikuwa navyo kwenye kopo hapo hapo mezani. Kazi ya kumaliza kikombe kimoja cha chai.

"Mota imeungua," akasema.

"Ee Mungu wangu. Na kipuri?"

"Mpaka kiagizwe."

"Kitafika lini?"

Na Fundi, yule ambaye hakuwa mwongo, akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema, "Njooni kesho hivi, keshokutwa, tuone."

Mwalimu aliguna akaondoka. Mkewe alibaki kidogo. Alimtazama usoni jinsi anavyomtazama mzazi anayesema uchungu haujaanza.

"Lakini usijali," Fundi aliharakisha kusema. "Nitakurushia mimi. Mkono huu nao si mashine?"

Kwa hiyo alfajiri zilizofuata walikwenda wawili. Fundi alisimama upande wa pili wa wavu na ndoo ya mipira, akarusha. Mpaka hapo alikuwa sawa na mashine. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa na ulimi, na ulimi huo haukujua likizo.

"Magoti! Kunja magoti! Sasa huo mkono unaupeleka wapi, sokoni? Nilikwambia usirudishe nyuma. Tena. Tena! Unaona? Nilikwambia."

Mama Mapacha alikunja magoti, akapiga. Voli zake zikaanza kwenda kwenye wavu, moja baada ya nyingine, zile zile alizokuwa anaziweka mahali alipotaka. Na Fundi, nisimpake mafuta, alifurahi. Alirusha kwa nguvu zaidi. Alirusha wa kifuani. Kila mkewe alipokosa, kitu fulani ndani yake kilikaa sawa: unaona sasa, si rahisi hivyo, huko mbele kuna wenyewe. Kisha walirudi nyumbani wakanywa chai, na hakuna aliyeimba.

Jumatano jioni Mama Mapacha alisema amechoka. Alhamisi hakuamka. Fundi alikuwa ameshinda, maana mashine ilikuwa karakana chini ya turubai na mke alikuwa nyumbani kitandani. Lakini aliulalia ubavu ushindi ule akakuta una miiba. Kesho yake ilikuwa Ijumaa na Mama Mapacha hajasema ataandikwa na nani.

Sasa, mkono wa fundi una kiherehere chake. Kitu kibovu kikikaa karibu nao hautulii. Ijumaa hiyo asubuhi, akiwa hana kazi nyingine mezani, alijikuta ameondoa turubai, ametoa manyoya, amepachika kaboni mpya. Akabonyeza kitufe. Ikavuma vizuri, laini, kuliko ilivyokuja.

"Haya," Fundi aliiambia. "Hebu tukuone una nini."

Nyuma ya karakana palikuwa na ua mwembamba wenye kuta mbili na mafriji ya kizamani yaliyopangwa kungoja vyuma chakavu. Akafunga kamba kutoka mpini wa friji moja mpaka kwenye bomba la ukutani, hiyo ikawa wavu. Akaiweka mashine upande mmoja, akachukua raketi iliyokuwa ikining'inia msumarini tangu mwaka jana, akasimama upande wa pili na mikono yake mirefu. Alitaka kuiaibisha. Hakuna shahidi, lakini alitaka kuiaibisha.

Tuk. Mpira ukamgonga tumboni.

Huo ulimshtukiza. Akajiweka sawa. Tuk. Ukampita sikio, ukapiga mlango wa friji nyuma yake, ukalia kama ngoma. Tuk. Ukagonga mpini wa raketi na kidole. Fundi aligeuka nyuma kwa hasira na raketi ameinyoosha, na maneno yameshafika mdomoni, "Huo ulikuwa," halafu akaona anaongea na friji bovu.

Akageuka mbele polepole. Akasimama imara na kuamua kuutazama mpira tangu unatoka mdomoni mwa mashine mpaka unafika. Tuk. Aliuona ukitoka. Aliuona ukivuka kamba. Kisha giza. Tuk. Ukatoka, ukavuka, giza. Akarudia na kurudia, jasho likimtoka, mpaka hakuweza kujidanganya tena: kila mpira ulipomkaribia, Fundi alikuwa anafumba macho na kugeuza uso, kama mtoto anayepakwa dawa kwenye kidonda. Si leo tu. Shingo yake ilikuwa inaijua njia hiyo vizuri mno. Miaka yote ile, makombe yote yale, alikuwa amesimama mbele akiwa amefumba macho, halafu anageuka kumlaumu mtu aliye nyuma yake.

"Kumbe imepona."

Mama Mapacha alikuwa kwenye mlango wa ua, na sare yake ya zahanati, na kitambulisho kifuani. Fundi alipomwangalia yeye, mashine ikamtandika mpira mwingine wa ubavuni. Mkewe akavuka, akainama, akaizima. Ikasikika mashine ya kunyolea ya Kinyozi ng'ambo ya ukuta.

"Nilikuwa naijaribu," Fundi akasema.

"Tangu lini?"

Njia ya uongo ilikuwa wazi, nyeupe, angeweza kusema tangu asubuhi na isingekuwa mbali na kweli. Lakini alikuwa amechoka, na ubavu ulimuuma.

"Haikuungua, Mama Mapacha. Siku ile ile mngeweza kuondoka nayo."

Mkewe akakaa juu ya friji lililolazwa. Aliupitisha mkono usoni.

"Friji la chanjo linalia," akasema. "Nimekuja kukuita. Daktari alitaka tumtafute fundi mwingine karibu, nikamwambia hapana, mume wangu akisema kitu kimepona kimepona, akisema kimekufa kimekufa."

Angempiga kibao ingekuwa nafuu.

"Umeionea wivu mashine," mkewe akaendelea. Hakuuliza.

"Nimeionea. Ndiyo. Nimeionea wivu mpaka usingizi umenikimbia." Neno hilo lilipotoka alishangaa jinsi lilivyokuwa dogo. "Ukitoka kwake unaimba. Ukitoka kwangu huimbi. Ukikosa mbele yake unacheka. Nimekuona kwa macho yangu. Inakupa nini ambacho mimi sikupi?"

Mama Mapacha hakuwa mtu wa kukurupuka na jibu. Alifikiri.

"Hainipi kitu," akasema. "Inarusha. Nikikosa, inarusha tena."

"Basi?"

"Basi."

Fundi alitazama kamba aliyoifunga. "Nafumba macho," akasema. "Mpira ukija, nafumba macho. Ulikuwa unajua?"

"Baba Mapacha, nimesimama nyuma yako miaka yote hii. Nisione nini?"

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia mimi." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma. "Nikaona bora nijifunze mimi hizo voli. Halafu siku moja niseme miguu imechoka kukimbia, unipishe mbele, wewe urudi nyuma. Usingejua kitu. Watu wasingejua kitu. Ndiyo kazi niliyokuwa naiendea alfajiri."

"Na Mwalimu alipokuuliza, ukasema utafikiria."

"Nilikuwa nafikiria nitakuambiaje."

Alisimama, akakung'uta sare. "Chukua vifaa. Dawa za watoto zitaharibika."

Friji la chanjo lilikuwa na mpira wa mlango uliochanika tu, na feni iliyojaa vumbi. Fundi alilitengeneza, mkewe akiwa kando, akalikabidhi kwa daktari, akasema litakaa, na kila mtu akamwamini. Zamu ya Mama Mapacha ilipokwisha walirudi karakana, na yeye ndiye aliyeshika mpini wa mashine akaanza kuisukuma barabarani. Fundi akafuata nyuma na kapu la mipira. Kinyozi alitokeza mlangoni, akaona msafara ule, macho yakamng'aa.

"Eh! Mgonjwa karuhusiwa?"

"Kapona," Mama Mapacha akajibu bila kusimama.

"Fundi, na wewe ndiye mbeba mizigo wao sasa?"

Fundi akaendelea kutembea. Kwa mara ya kwanza maneno ya Kinyozi hayakuwa na chumvi ya kuizidi ile aliyokuwa nayo mwenyewe kwenye kidonda.

Uwanjani Mwalimu aliinuka kwenye benchi akashika magoti kwa furaha. "Jamani! Kipuri kimefika?"

"Kimefika," Mama Mapacha akasema upesi, kabla mumewe hajafungua kinywa. "Kafanya kazi mpaka kamaliza."

Alimdanganyia. Mwanamke ambaye Fundi hakuwahi kumsikia akidanganya, alimdanganyia mbele ya Mwalimu ili asiaibike, na uongo huo ukamkaa vibaya kuliko wa kwake mwenyewe.

"Nasubiri jua lishuke kidogo ndipo nifunge daftari la Kombe," Mwalimu akasema. "Mkunga, piga kwanza. Mikono itakwambia ucheze na nani."

Fundi alijaza kapu, akabonyeza kitufe, akarudi akasimama pembeni karibu na uzio. Alikuwa ameapa njiani kwamba hatatoa neno. Hata la sifa. Alifumba midomo akaikaza.

Tuk. Mama Mapacha aliupokea, akauweka pembeni kabisa. Tuk. Akauweka pengine. Alikuwa mzuri. Ukimtazama kutoka pale ungedhani mpira na raketi vimekubaliana mahali pa kukutana. Wivu ulimrudia Fundi, kidogo, halafu mwingi, lakini aliubana. Mwache, alijiambia. Leo mwache apige.

Tuk. Ule wa nne au wa tano ulikuja rahisi, wa kiunoni, na labda aliuwahi mno, ukagonga ukingo ukaangukia upande wake mwenyewe.

Kosa dogo. Mashine ingerusha mwingine na yangeisha. Lakini kabla mpira haujatulia chini, Mama Mapacha alikuwa ameshageuka. Hakumtazama Mwalimu wala hakutazama raketi yake. Alimtazama mumewe. Mabega yalikuwa yamempanda hadi masikioni na shingo imeingia ndani, jinsi mtu anavyokaa akisikia mtu anakuja nyuma yake na ndoo ya maji baridi. Alikuwa anangoja. Mashine haikumngojea, ilirusha, na mpira ukampiga begani, na bado hakugeuka, macho yake yako kwa Fundi.

Fundi alikuwa na midomo imefungwa. Hakuwa amesema hata herufi.

Akaelewa kwamba haikuhitaji aseme. Kwamba kusimama kwake tu pale, kimya kimya, na nia njema tele, kulikuwa kunamrushia mkewe mipira kifuani. Aliinamisha kichwa, akalipata lango la uzio, akatoka. Alikwenda mpaka nyuma ya tangi la maji ambako hakuweza kumwona mtu, wala mtu kumwona yeye, akaegemea simiti yenye unyevu.

Baada ya kitambo Mwalimu alikuja akichechemea.

"Anauliza umekwenda wapi."

"Mwambie nimekwenda dukani."

"Dukani kufanya nini?"

"Mwambie tu, Mwalimu. Apige."

Mwalimu alimtazama, akatazama uwanja, akamtazama tena. Alifundisha watu wengi mama yule, na pengine aliona mengi kuliko tenisi.

"Na Kombe? Niwaandike?"

"Yeye mwandike mbele," Fundi akasema. "Nyuma amweke anayemtaka."

"Hata kama si wewe?"

Fundi alikwangua simiti ya tangi kwa kucha.

"Hata kama si mimi."

Mwalimu akarudi uwanjani. Fundi akabaki na tangi. Punde mashine ikavuma, na voli zikaanza, moja baada ya nyingine, sauti safi ya mpira katikati ya raketi, bila hata moja iliyokosa. Kila moja ilimchoma. Akakaa hapo hapo, akizisikiliza, mpaka kapu likaisha.